Bobini Yuko Njiani

Jumamosi ile fundi wa meno alifunga kazi mapema. Alikuwa amemaliza kupanga meno ya juu ya mama mmoja muuza duka kwenye ufizi wa nta ya waridi. Akayainua dirishani kuyatazama, akang'oa moja la mbele na kulirudisha limepinda kidogo, kwa sababu meno yaliyonyooka sana humfanya mtu aonekane mwongo hata akisema kweli. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya zahanati ya daktari wa meno, ukuta mmoja na choo cha wagonjwa, na humo alikuwa ametumia zaidi ya nusu ya maisha yake akitengeneza tabasamu za watu asiowajua. Vinywa vyao alivijua. Wenyewe walikuwa wakipita mlango wa mbele.

Akanawa plasta mikononi, akatia kwenye begi kompyuta, waya wa umeme na kitambaa cha meza chenye picha ya Nungu, akaenda kwenye kongamano.

Kwa asiyemjua Nungu, na siku hizi ni karibu kila mtu, huyo alikuwa nungunungu wa katuni ya zamani ya televisheni, fundi cherehani aliyeshonea miiba yake mwenyewe. Wanyama wote walimletea nguo, na nguo zote zilichelewa. Mteja akija kuuliza suruali yake iko wapi, Nungu alijibu bila kuinua kichwa, "Iko njiani." Basi, ndio utani wenyewe huo. Watoto wa wakati ule walicheka mpaka wakashikwa na kwikwi. Ukiusimulia leo haumchekeshi mtu, lakini ndivyo ulivyo utani wa zamani, sharti uwe ulikuwapo. Na ndani ya droo ya cherehani ya Nungu aliishi panya mdogo aliyeitwa Bobini, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota vishikizo vilivyodondoka sakafuni.

Tovuti ya Nungu aliianzisha fundi wa meno, enzi zile mtandao ulikuwa unaingia nyumbani kwa kulia kupitia waya wa simu. Aliianzisha kwa ajili ya binti yake, ambaye alimpenda Nungu kuliko peremende. Binti ndiye aliyekuwa mwanachama wa kwanza. Alikaa mapajani mwa baba yake, akabonyeza herufi mojamoja kwa kidole cha shahada, akajiita Bobini, na mahali pa umri akaweka saba. Sasa, fundi meno alikuwa anayajua, ila kompyuta alijifunza kwa kubahatisha, na hakujua namna ya kuufanya umri wa mwanachama usogee na miaka. Uliowekwa ndio uliokaa. Baadaye mashabiki walipolalamika kwamba tovuti imewagomea kuzeeka, aliwabadilishia mmojammoja kwa mkono. Wa Bobini hakuubadilisha. Alisema atautengeneza.

Mwaka uliofuata mama wa mtoto alifariki. Fundi alimpeleka binti kwa dada yake, shangazi wa mtoto, kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa. Mambo yana tabia ya kutokaa sawa yenyewe. Fundi alikuwa akienda kumtembelea, usimwonee, alikuwa akienda, na kila akienda alibeba kanda za Nungu. Binti akiwa na miaka kumi, kanda za Nungu. Binti akiwa kigoli, kanda za Nungu, safari hii zimehamishiwa kwenye diski. Siku binti anaolewa, kongamano lilikuwa limeangukia tarehe hiyohiyo. Asubuhi fundi alipigiwa simu akasema yuko njiani, mchana akapigiwa tena akasema yuko njiani, na kila mtu anajua kwamba anayesema yuko njiani bado anatafuta soksi. Alifika viti vinapakiwa kwenye lori. Zawadi yake ilikuwa mwanasesere wa Nungu. Binti alishukuru, akampakulia baba yake chakula kilichobaki, akakaa naye mpaka akamaliza kula. Baada ya hapo simu zake zikaanza kupungua, mpaka zikakoma. Fundi naye hakupiga. Alijiambia kwamba mtoto ndiye anayempigia mzazi.

Kongamano lilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha hoteli moja ndogo. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na semina ya mawakala wa bima, waliokuwa wakipiga makofi kila baada ya muda, na mashabiki wa Nungu walikuwa wameshazoea kuyachukua makofi hayo kama yao. Miaka ya kwanza watu walikuwa wakisimama mpaka kwenye korido. Sasa zilitosha safu tatu za viti, na ya nyuma ilikuwa ya mabegi. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mpana, mtulivu, aliyekuwa akimtazama kila mtu kana kwamba yeye ndiye aliyempokea duniani. Alikuwapo pia dereva wa lori, ambaye kila mwaka huja amevaa kama Nungu, miiba yote ya mirija ya soda, na kwa sababu ya miiba hiyo hakuweza kuegemea kiti, akawa anashinda amesimama.

Kongamano hufunguliwa kwa mwito wa majina. Mkunga huyaita kwa kichwa, majina ya tovuti, si yale waliyopewa na wazazi wao. Aliyepo husema "Nipo." Asiyekuwapo hujibiwa na anayemfahamu: "Yuko njiani." Ilianza kama utani. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, waliokuwa njiani wakawazidi waliofika, na baadhi yao walikuwa wameshazikwa, kwa hiyo siku hizi hakuna aliyekuwa akicheka, walikuwa wakijibu tu.

"Bobini," akaita mkunga.

"Yuko njiani," akajibu fundi wa meno, kama alivyojibu kila mwaka.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtoto wa kike mwenye sare ya shule, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

"Nipo," akasema.

Dereva wa lori alimsogezea kiti cha mbele. Mkunga akaitikia kwa kichwa, akaita jina lililofuata.

Fundi alimjua kwa kinywa. Jino la mbele la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limetoka, na jipya lilikuwa linachungulia kwenye ufizi. Lile lililotoka alikuwa nalo nyumbani ndani ya kikopo, limefunikwa kwa pamba. Akainama, akamfunga kamba ya kiatu.

"Umechelewa," akamwambia.

"Nilikuwa njiani," mtoto akajibu.

Wakati wa chai mkunga alikuja na kikombe chake, akasimama kando ya fundi. Wakamtazama mtoto akihesabu mirija mgongoni mwa dereva.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Na yule mkubwa yu hai?"

"Yu hai. Yuko kwake huko."

"Basi utapigiwa simu," akasema mkunga, akapuliza chai yake. "Mimi niliita kilichoko kwenye tovuti. Bobini, miaka saba. Wewe ndiye uliyesema yuko njiani. Ukimsema mtu yuko njiani miaka yote hiyo, ipo siku anafika."

Fundi alimshika mtoto mkono wakarudi nyumbani. Mtoto aliingia, akavua viatu palepale alipokuwa akivivua zamani, akatazama jikoni, akatazama chumbani.

"Mama yuko wapi?"

Fundi alikuwa bado ameshika ufunguo. Mtoto huyu alikuwa wa mwaka ule wa kabla, na habari ya msiba haikuwa imemfikia.

"Yuko njiani," akasema.

Mtoto aliridhika. Akauliza kama Nungu imeanza.

Simu ilipigwa kesho yake asubuhi, wakiwa wanakunywa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nzito kuliko aliyoitarajia, na ilimchukua muda kuiamini.

"Baba, nina swali. Hapo kwako kuna mtoto?"

Fundi alimtazama mtoto, aliyekuwa anachovya mkate kwenye chai na kuutoa kabla haujakatika.

"Yupo."

"Ana pengo?"

"La mbele, juu, kushoto."

"Basi ndiye." Binti alivuta pumzi, akaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayeripoti mashine iliyoharibika. "Nilikuwa kazini jana, kwenye chumba cha mashine cha lifti. Nikahisi kama mtu ameshuka kutoka ndani yangu, ghorofa ya katikati, bila kuaga. Nikamaliza kazi kwanza. Halafu nikakaa nikajaribu kukumbuka. Nakumbuka nyumba ya shangazi. Nyuma ya hapo hamna. Namtafuta mama kichwani simpati. Picha yake ninayo ukutani, lakini ni picha tu, utasema ya mtu wa kwenye kalenda."

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye chumba cha mashine?"

"Mimi ni fundi wa lifti, baba. Ni kazi yangu miaka yote hii. Kwa kawaida napanda juu kabisa, kwenye kamba, ila siku hizi hawaniruhusu."

"Nilidhani uko ofisini."

"Sijawahi kukaa ofisini hata siku moja."

"Na kwa nini hawakuruhusu?"

"Nina mimba, baba. Ya miezi mitatu."

"Hongera," fundi akasema, na alimaanisha.

"Ahsante. Kwa hiyo mlete huyo mtoto. Nataka mwanangu amkute bibi yake, walau kichwani mwangu. Hawezi kuja mwenyewe, nimeuliza kazini. Mwenzetu mmoja aliwahi kutokwa na yeye mwenyewe wa miaka kumi na miwili, babu yake ndiye aliyemrudisha. Aliyemwita sharti amshike mkono mpaka kwa mwenyewe."

"Nitamleta."

"Lini?"

"Karibuni," akasema fundi wa meno.

Haikuwa hila. Siku ile aliposema karibuni alikusudia karibuni. Lakini kulikuwa na meno ya mama muuza duka, hayakuwa yamesuguliwa. Halafu tovuti ilitaka kuhamishwa, mwenye mtambo unaoihifadhi alikuwa anafunga biashara, na ukilaza kazi ya namna hiyo picha zote za Nungu zinapotea. Na mtoto alikuwa hana shida yoyote. Asubuhi waliongozana kwenda zahanati. Alikaa chini ya meza ya kazi, na meno ya plastiki yaliyodondoka aliyaokota na kuyapanga kwa ukubwa, maana yeye ni Bobini na hiyo ndiyo kazi ya Bobini. Daktari wa meno alimpa kitabu cha kupaka rangi. Mhudumu wa mapokezi alimsuka.

Alasiri walitazama Nungu. Jioni mtoto alizungumza kuhusu mama yake, si kwa kusudi, ni kwa sababu kwake yeye mama alikuwa jana tu.

"Mama anasema ukizama humo kwenye kompyuta," akamwambia fundi, "hata nyumba ikiungua utauliza nani anapika."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Hayo maneno alikuwa ameyasahau. Ulikuwapo pia wimbo ambao mama alikuwa akiuimba akiosha vyombo, hauna maneno, una jina la mtoto tu likizungushwazungushwa na kijiko kikigonga sufuria mahali pa ngoma. Mtoto aliuimba kila aliposhika kazi yoyote. Mara ya kwanza fundi aliposikia, alikwenda akasimama chooni na mlango ameufunga, akalia kwa haja yake, kisha akanawa uso akarudi. Alikuwa na furaha. Liseme tu bila kuzungukazunguka. Tangu amzike mkewe, hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Kwenye tovuti aliandika: Bobini amefika. Kitone cha kijani kando ya jina lile, ambacho hakikuwahi kuwaka tangu enzi za waya wa simu, sasa kilikuwa kinawaka. Watu walimpongeza. Mmoja alimuuliza kama kuna namna naye angeweza kumwita kaka yake, fundi akamjibu kwamba inategemea alivyoandikishwa.

Mtoto hakukua. Kila asubuhi fundi alimwambia afungue kinywa, akatazama. Jino lilikuwa linachungulia vilevile, halikupanda hata unywele.

Binti alipiga, akapiga tena. Hakuwahi kupandisha sauti. Mwishowe fundi aliona haya, akamfungashia mtoto nguo kwenye begi, akamvalisha soksi zinazofanana, wakaenda kituo cha basi.

"Wawili," akamwambia mkata tiketi. "Mtu mzima na mtoto."

Mkata tiketi aliinuka kitini, akamchungulia mtoto kupitia dirisha.

"Huyu anakwenda kwa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi wewe nakukatia kwenda na kurudi. Yeye ni kwenda tu."

"Nikitaka arudi kutembea? Wakati wa likizo?"

"Baba yangu," mkata tiketi akasema kwa upole, maana swali hilo alikuwa ameshaulizwa na wengi, "akifika pale anaingia, basi. Umeshaona goti la mtu likaja kutembea lenyewe?"

Nyuma yao foleni ilikuwa inasubiri. Fundi akasogea kando kuwapisha watu, akaketi kwenye benchi na begi mapajani. Basi lilikuwa linapakia mizigo. Mtoto alikaa akining'iniza miguu.

"Tunakwenda kwa nani?"

Hapo fundi angeweza kusema kweli. Alifungua kinywa aiseme.

"Kwa mama mmoja fundi wa lifti."

"Ana Nungu?"

"Sidhani kama anayo."

"Basi turudi nyumbani."

Binti yake alikuwa amewahi kumwomba warudi nyumbani, zamani, amesimama langoni kwa shangazi na mwanasesere mkononi, na siku ile fundi hakumsikiliza. Safari hii alimsikiliza. Akasimama, akamshika mkono. Simu ililia wakiwa wameshafika mtaani kwao, mbele ya kibanda cha fundi viatu.

"Mmefika wapi, baba?"

"Tuko njiani," akasema. Fundi viatu aliinua kichwa akamtazama, akarudi kwenye kisigino chake.

Mtoto wa binti alizaliwa salama, wa kike. Fundi aliambiwa kwa simu.

"Akilia jioni," binti akasema, "nafungua kinywa nimwimbie, hakitoki kitu. Najua pana wimbo pale. Napajua mahali pake. Nimemwimbia tangazo la sabuni la redioni."

"Hata hilo lina mahadhi yake."

"Baba, yule mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa sakafuni, anapaka nungunungu rangi ya zambarau na kuimba.

"Yuko njiani," akasema fundi wa meno.

Baada ya hapo simu ikilia aliitazama mpaka inyamaze. Alisema atampigia akipata nafasi. Siku chache baadaye, tovuti ilileta ombi la mwanachama mpya. Jina, Fundi Lifti. Umri, thelathini na mbili. Swali ambalo kila mwanachama huulizwa, Nungu husema nini, lilikuwa limejibiwa vizuri. Katika dunia nzima fundi wa meno alikuwa anamjua fundi wa lifti mmoja tu. Akabonyeza kukubali, kama anavyomkubalia kila mtu, akaenda kukaanga mayai.

Kongamano likafika tena. Chumba kilekile, mawakala wa bima walewale. Dereva wa lori alikuwa ameongeza mirija. Mtoto alikaa kiti cha mbele na kitambaa cha Nungu mapajani, kwa sababu alitaka kukitandika mwenyewe. Safu ya pili ilikuwa imeanza nayo kuwa ya mabegi.

Mkunga alianza kuita. Nipo. Yuko njiani. Yuko njiani. Nipo.

"Bobini."

"Nipo," akaitikia mtoto.

Watu walitabasamu. Mkunga alifika kwenye wapya, ambao mwaka ule alikuwa mmoja.

"Fundi Lifti."

Wote wakamgeukia fundi wa meno. Yeye alikuwa ameinama anachomeka waya.

"Yuko njiani," akasema bila kuinua kichwa.

"Nipo," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa amesimama na mtoto mchanga kifuani, amevaa suruali ya kazi, mifuko imejaa. Mkunga alimtazama kama anavyowatazama wote.

"Karibu, mwanangu. Kiti kiko nyuma, sogeza tu mabegi."

Fundi aliinua kichwa. Hakumtazama macho, alimtazama kinywa, kwa mazoea. Lile jino lililokuwa linachungulia lilikuwa limeota zamani, limepinda kidogo, kama ambalo yeye mwenyewe angelipanga. Alikuwa hajawahi kuliona. Alikwenda kwa shangazi miaka yote ile, akakaa naye kwenye kochi moja, wote wawili wametazama runinga.

"Baba," mtoto akanong'ona, "yule ni nani?"

"Mgeni," akasema fundi.

Taa zikazimwa, kipindi cha kwanza kikaanza. Twiga alikuwa ameleta shati lake lipunguzwe kola. Nyuma, mtoto mchanga akaanza kulia. Mama yake alimtikisa, akamgeuza bega la pili, akamwimbia polepole tangazo la sabuni, na mtoto hakununua. Ndipo Bobini, macho yako kwenye twiga, mikono inakunja pindo la kitambaa, akaanza kuimba ule wimbo wa vyombo, kama anavyouimba siku zote akishika kazi.

Mchanga akanyamaza.

Fundi wa lifti alisogea mbele kitini. Midomo yake ilikuwa inafuata. Alishika nota ya kwanza, akashika ya pili, na alipofikia ya tatu ile ya kwanza ilikuwa imeshatoka, kama maji kwenye kichungio. Wimbo ulipokwisha hakuwa amebakiwa na kitu.

"Rudia," akasema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, mama."

Mtoto alimtazama baba yake.

"Kipindi kimeanza," akasema fundi wa meno.

Wakati wa chai binti alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza ya kompyuta. Hakuna aliyewasikiliza, au kama walisikiliza, walishika vikombe vyao vizuri.

"Sikuja kugombana, baba. Nimepumzishwa kazi wiki hii na jioni nina basi. Huna haja ya kusafiri tena. Mshike mkono umtoe pale mbele, umlete pale nyuma. Ni hapo tu."

Ilikuwa hapo tu kweli. Fundi aliitazama ile njia kati ya viti. Kulikuwa na zulia, na kiti kimoja kilichojitokeza, ambacho mtu angeweza kukisogeza kwa goti.

"Kimebaki kipindi cha mwisho," akasema. "Ndicho anachokipenda. Kikiisha."

"Kikiisha?"

"Kikiisha, mwanangu."

Binti akarudi nyuma akaketi. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa chote. Bata alipata koti lake, likiwa la msimu uliopita. Kilipokwisha, kabla mtu hajawasha taa, mkono wa fundi wa meno ulikwenda kwenye kompyuta na kurudisha cha kwanza, na twiga akaingia tena na shati lake. Mkunga aligeuka akamtazama fundi kwa muda. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watu, kuwalea walikuwa wanaachiwa wenyewe. Upande wa pili wa ukuta mawakala wa bima wakapiga makofi.

Binti alisubiri mpaka twiga akaambiwa iko njiani. Ndipo akasimama, akamfunga mwanawe vizuri kifuani, akapita mbele kuaga. Alimtazama yule mtoto wa kiti cha mbele kama mtu anavyoitazama nyumba aliyowahi kupanga.

"Shikamoo," mtoto akamwamkia, maana alikuwa amelelewa vizuri.

"Marahaba," akasema fundi wa lifti. "Kamba ya kiatu chako imefunguka."

Akainama akamfunga. Kisha akamwambia baba yake kwaheri, na baba yake akamwambia asalimie nyumbani.

Fundi wa meno na mtoto walirudi kwa miguu, mtoto amebeba kitambaa, fundi amebeba kompyuta. Nyumbani alifungua tovuti aandike habari za kongamano. Vitone vya kijani vilikuwa viwili, vimefuatana, Bobini na Fundi Lifti, na tangu siku ile huwaka hivyo kila jioni. Fundi Lifti haandiki chochote. Anaingia, anakaa, mpaka saa ambayo watoto wachanga huwa wamelala, halafu kitone chake kinazimika. Fundi wa meno hukiona. Anasema siku akipata nafasi atamwandikia, na ule umri wa Bobini nao atautengeneza.

"Baba," mtoto akauliza kutoka jikoni, alikokuwa anaosha vikombe, "mama bado tu?"

"Yuko njiani," akasema fundi wa meno.

Mtoto akagonga kijiko kwenye sufuria, akaendelea kuimba.